Onyango, Ugali Unapoa

Mji ukisikia wageni wanakuja hujipaka poda, na Kendu Bay mwezi ule wa Agosti ilikuwa imejipaka hadi masikioni. Maduka ya kale ya Wahindi, yenye milango mizito ya mbao na miaka ya kujengwa juu ya vizingiti, yalikuwa yamepigwa rangi ya manjano upande wa barabarani. Upande wa nyuma yaliachiwa ukungu wake, kwani mgeni hapiti nyuma. Wanawake wauza omena walikuwa wamehamishwa hadi ng'ambo ya kituo cha mafuta, ati harufu. Samaki ndiye aliyeulisha mji huu tangu ulipoanza kuitwa mji, lakini msimu wa tamasha alitakiwa aonekane kwenye sahani tu, akiwa na kipande cha limau.

Juu ya barabara palitundikwa bango refu. Risper alimsomea mama yake, Filister, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kuachana na herufi.

"Tamasha la Sanaa la Mji Mkongwe. Rudi Kendu."

"Rudi Kendu," Filister alirudia polepole. "Kwani nani aliondoka?"

Jibu walikuwa nalo wote wawili, na ndilo lililowatoa Ogwedhi alfajiri, wakafunga kibanda chao cha chai pale kwenye soko la mifugo, wakapita Rongo, wakapita Rodi Kopany. Walipofika Homa Bay na ziwa likajitokeza upande wa kushoto, Filister aligeuza uso upande wa kulia na kuukaza huko. Hakuwa ameyaona maji yale tangu yalipomchukua mwanawe.

Onyango alikuwa kitinda mimba. Alimaliza shule, akachoka kuwachungia watu ng'ombe, akaja Kendu kwa wajomba zake kujifunza uvuvi. Alipendwa huku, maana alikuwa na mzaha na mkono mwepesi. Kisha jioni moja mashua ikarudi bila yeye. Walitafuta kwa nyavu, wakatafuta kwa wapiga mbizi, mpaka wajomba wenyewe wakaanza kuangalia chini wakiulizwa. Mjaluo aliyepotea majini hazikiwi kaburi tupu. Hutafutwa tunda la mti wa yago, refu na zito, nalo huzikwa mahali pa mwili ili roho ijue kwao ni wapi. Basi kule Ogwedhi, nyuma ya nyumba ya Filister, chini ya kilima kidogo cha udongo, lilikuwamo tunda.

Watu husema tunda ni sawa na mwili. Wanaosema hivyo wana makaburi yenye watu ndani.

Kitu ambacho Filister alibaki nacho kilikuwa wimbo. Siku zile za kutafuta, alisimama kwenye ufuo wa Kendu akaanza kumwita mwanawe kama alivyokuwa akimwita utotoni, jua likizama na yeye yuko uwanjani na mpira wake wa matambara: Onyango, rudi, ugali unapoa. Alimwita hivyo mpaka mwito ukawa kilio, na kilio kikashika mwendo wake, kikawa wimbo. Tangu hapo aliuimba kila asubuhi akifagia ua, kwa sauti ya chini, akianzia mlangoni na kumalizia kaburini. Hakumwimbia mtu mwingine. Risper, ambaye aliujua neno kwa neno, hakuthubutu kuuimba hata akiwa peke yake na sufuria zake.

Aliyeuchukua ni Boaz. Huyu alikuwa mtoto wa kaka yake Filister, na alikuwa pale ufuoni siku zile, kijana mdogo akijifunza kupiga nyatiti, kinubi cha Kijaluo. Masikio ya mpiga nyatiti hayana adabu, husikia yote. Miaka ikapita, Boaz akawa jina kubwa, akaalikwa huku na huku, na mwezi wa saba akampigia Risper simu.

"Dada, mwambie waya aje kwa tamasha," alisema. Waya ndiyo shangazi kwa Kijaluo, na Boaz alilitamka neno hilo kwa upole wa kweli. "Nitamwimba Onyango. Kwa jukwaa kubwa, hapa hapa Kendu, maji ikiwa nyuma yangu. Naomba ruhusa ya ule wimbo wake."

Risper alidhani mama yake atakataa. Siku nzima Filister alifagia, akapika, akakamua ng'ombe. Usiku wakati wa kulala akasema, "Mwambie nimekubali. Watu wa kule wamemsahau. Nataka jina lake lisemwe pale, na mimi nikisikia, kabla sijafa."

Hilo tu. Hakutaka kiti cha mbele wala chakula cha wageni. Alitaka jina.

Walimkuta Boaz nyuma ya jukwaa, mahali palipozungushiwa turubai. Alikuwa amevaa ngozi ya kuazima juu ya suruali ya jeans, njuga miguuni, na manyoya kichwani kama jogoo aliyenyeshewa. Alipomwona shangazi yake aliinuka haraka, akamshika mikono yote miwili, akamkalisha kwenye kigoda chake mwenyewe. Macho yake hata hivyo yalikuwa yakitangatanga, na Risper aliyazingatia. Amewahudumia wafanyabiashara wa ng'ombe maisha yake yote, anamjua mtu anayeficha kwato mbovu.

"Waya, tumeurekebisha kidogo," Boaz alisema hatimaye. "Kamati ilisema watu hawakuja hapa kulia. Lakini tuni ni ile ile. Utaijua."

"Na jina?" Risper aliuliza.

"Dada, tuliza roho. Wewe sikiliza tu."

Wakaenda kutafuta mahali pa kukaa. Karibu nao palikuwa na kundi la wageni, Wazungu wachache na vijana wa Nairobi wenye kofia mpya, na kiongozi wao alikuwa akiwasimulia kisa cha ziwa dogo la Simbi, ambalo wangepelekwa kuliona kesho yake. Aliwaeleza jinsi bibi kizee alivyofika kijijini usiku wa ngoma akaomba pa kulala, wakamfukuza, naye akaita mvua ikakizamisha kijiji kizima pamoja na wachezaji wake. Wageni wakaguna kwa raha. Filister, ambaye kisa hicho alinyonya nacho maziwa, alisikiliza hadi mwisho.

"Yule alikuwa na nguvu," alimwambia binti yake, akatengeneza kitambaa chake cha kichwa.

Boaz akatangazwa. Emsii alikuwa kijana mmoja aitwaye Gordon, mwenye miwani ya jua na ulimi usiojua kupumzika, na alimwita Boaz jukwaani kwa majina mengi kuliko aliyopewa na wazazi wake. Boaz akakaa, akaegemeza nyatiti kifuani, akapachika pete ya chuma ya kugongea mdundo kwenye kidole gumba cha mguu. Akagusa nyuzi.

Ilikuwa yenyewe. Risper alijua kabla hajajua kwamba amejua. Mkono wa mama yake ulimkamata pajani na kubana. Nyuzi zilikwenda taratibu kama ufagio, na Risper akauona ua wao, akaona vumbi likisogea kuelekea kaburini, akamsamehe Boaz manyoya yake na ngozi yake ya kuazima. Midomo ya Filister ilianza kusogea. Ilikuwa imekwisha kufanya duara la kulitamka jina.

Ndipo ngoma zikaingia, na gitaa, na kinanda cha umeme, na mwendo ukapanda kama maziwa yanayofurika jikoni. Boaz akafungua kinywa.

"Mgeni, rudi, samaki ni moto! Mgeni, rudi, Kendu ni tamu!"

Duara la mdomo wa Filister lilibaki vile vile, wazi, bila sauti. Watu walisimama wakaanza kucheza. Mama mmoja mwenye mkoba mzuri alimvuta Filister bega ainuke naye acheze, akaona uso wake, akamwacha.

"Twende nyumbani," Filister alisema.

"Bado, Mama."

"Risper, twende. Nimesikia."

"Hujasikia kitu!" Risper alisema kwa ukali ambao hakuwahi kuutumia kwa mama yake. Hasira ilikuwa imempanda, na hasira ya Risper haikuwa na breki. Wamechukua kilio cha mama yake wakakifanya tangazo la hoteli! Alifungua mkoba, akatoa noti, akapenya katikati ya wachezaji mpaka chini ya jukwaa, akainua mkono juu.

Kila Mjaluo aliyekuwa pale alijua maana yake. Hiyo ni pakruok. Mtu akitoa chake mbele ya mpiga nyatiti, muziki husimama, hata kama ni katikati ya neno. Mpigaji hana ruhusa ya kugusa uzi mpaka mtoaji amalize kujitaja na kujisifu, yeye na watu wake, na akimaliza, lazima maneno yake yaingizwe wimboni. Ni haki ya tajiri na ya mchunga mbuzi. Boaz hangeweza kumkatalia, na Risper alikwenda akilitegemea hilo.

Lakini pakruok ni jambo la raha. Ni la kujigamba na kuchekesha. Hata inapofanywa matangani, hufanywa ili watu waache kulia kidogo. Kilio kina mahali pake na pakruok ina pake, na mtoto yeyote aliyelelewa katika nyumba ya Kijaluo anajua asivichanganye. Risper alijua pia. Siku ile alisahau, au hasira ilimsahaulisha.

Muziki ukakatika. Gordon akachukua noti, akampa kipaza sauti.

"Ni mimi Risper, nyar Ogwedhi," alisema, yaani binti wa Ogwedhi, na sauti yake mwenyewe ikamrudia kutoka kwenye kuta za manjano. "Dada ya Onyango. Onyango mtoto wa Filister, mama ameketi pale. Onyango mwenye ziwa hii yenu ilichukua na haijarudisha mpaka leo. Onyango mwenye tulizikia tunda. Boaz, hii wimbo ni yake. Mtaje."

Palikuwa na kimya kidogo. Wazee wawili watatu wa Kendu waliokaa pembeni walivua kofia. Labda, kama mtu angewaacha watu wale wakae na kimya chao kwa muda wa kumeza mate, mambo yangekuwa mengine. Lakini emsii halipwi kukaa kimya.

"Makofi kwa Madam!" Gordon alipiga kelele, watu wakapiga. Kisha akawageukia wageni, akawafasiria kwa Kiingereza, na Risper, ambaye Kiingereza chake cha darasa la nane kilimtosha kwa hilo, alimsikia akiwaeleza kwamba huyu mama anamsifu kaka yake Onyango, mpenzi mkubwa wa ziwa letu, ambaye alilipenda hivi kwamba hadi leo hajatoka. Wazungu wakatabasamu. Mmoja akaweka mkono kifuani.

Boaz alikuwa akimtazama shangazi yake juu ya vichwa vya watu. Uso wake ulikuwa umeiva kwa aibu, na Risper aliona, aliapa baadaye kwamba aliona, kijana yule akitaka kufanya jambo la haki. Aligusa uzi mmoja, polepole. Akagusa wa pili. Mpiga ngoma, akidhani mwenzake amechelewa, akamkokota kwa mwendo ule ule wa kwanza, na Boaz akakokotwa.

"Onyango, rudi, ugali unapoa!"

Umati ulilipuka. Mgeni na samaki hawakuwa na ladha yoyote mbele ya haya. Ugali kila mtu anaujua. Kila mtu amewahi kuitwa akale, na kila mtu ana Onyango wake anayechelewa kurudi. Gordon alinusa uzuri wa jambo hilo mara moja.

"Nikisema Onyango, mnasema rudi! Onyango!"

"Rudi!"

"Siwasikii! Onyango!"

"Rudiiii!"

"Ako kwa baa!" mlevi fulani alipayuka kutoka nyuma, na watu wakaanguka kicheko.

"Onyango, wachana na pombe!" Gordon akadaka. "Bibi anangoja! Ugali inapoa!"

Simu zilikuwa juu kama shamba la mahindi. Wazungu nao wakashika, wakilivunjavunja jina vinywani, wakiruka. Risper alisimama katikati yao, ametoa noti nyingine, ameinua mkono tena, akilia waziwazi sasa, akipiga kelele kwamba wanyamaze, wanyamaze tafadhali. Gordon aliinama akaichukua.

"Madam amependa! Anaongeza! Boaz, ongeza moto!"

Na moto ukaongezwa. Risper alipogeuka kumtazama mama yake, kiti kilikuwa kitupu.

Alimkuta kwenye gati la zamani, pale ambapo zamani za wakoloni meli zilikuwa zikifunga kamba. Huko hakukuwa na rangi ya manjano. Filister alikuwa amesimama akiyatazama maji, amekunja mikono kifuani kama mtu anayesubiri huduma dukani. Kutoka mjini jina la mwanawe lilikuwa likija kwa mawimbi, na kila likija lilifuatwa na kicheko.

"Mama, nisamehe," Risper alisema. "Nilitaka atajwe."

"Ametajwa."

"Sikutaka hivi."

Filister hakumgombeza, na hilo lilimuuma Risper kuliko kofi. Alizungumza bila kugeuza uso.

"Nilikuwa namwita mimi peke yangu. Alijua sauti. Nilikuwa najiambia, siku akisikia atajua ni nani anamwita na ni wapi anaitwa. Sasa anaitwa na watu wote hao, na wanacheka. Atamwitikia nani?"

Risper aliuchukia mkono wake mwenyewe, ule alioinua, kana kwamba ni mkono wa mtu mwingine aliyemfuata kutoka Ogwedhi.

Wakasikia njuga. Boaz alikuja akikimbia, jasho likimtiririka, manyoya yameanguka upande mmoja. Aibu ya mwanzo ilikuwa imefutika. Alikuwa na uso wa mtu aliyebebwa juu juu.

"Waya! Umesikia? Nimemtaja! Wamependa hii maneno, hawajawahi kunishangilia hivi. Kesho wanataka tena, ati hiyo ndiyo wafunge nayo tamasha."

Filister alimtazama mtoto wa kaka yake kwa makini, tangu manyoya hadi pete ya mguuni. Akampa mkono.

"Umemtaja, nyathina," alisema. "Ero kamano."

Mwanangu, asante. Boaz aliupokea mkono ule kwa furaha, asione kitu. Risper alisema moyoni kwamba kama angekuwa mwanamume angemtupa majini na pete yake. Halafu akakumbuka ni nani aliyetoa noti, akainamisha kichwa. Wakalala kwa wajomba, na asubuhi wakapanda gari la kwanza.

Ogwedhi ilikuwa pale pale, na ng'ombe wake na matope yake. Asubuhi ya kwanza Risper aliamka mapema akalala akisikiliza. Alisikia mlango wa mama yake ukifunguliwa. Alisikia ufagio. Ufagio ulitoka mlangoni, ukapita chini ya kamba ya nguo, ukafika nyuma ya nyumba, ukazunguka kilima kile kidogo, ukawekwa ukutani. Hakusikia kingine. Akajiambia mama amechoka na safari. Asubuhi iliyofuata akajiambia ni mafua. Baadaye akaacha kujiambia chochote, na akaacha pia kuamka mapema.

Siku ya soko kibanda chao kilijaa. Mniko, Mkuria mnunuzi wa ng'ombe, mteja wao wa miaka mingi, aliketi mahali pake pa siku zote kwenye benchi, fimbo katikati ya magoti, akingoja chai. Hodari wa bei na mpole wa maneno, alikuwa akimwita Filister mama, na Filister alikuwa akimwekea mandazi makubwa. Mbele ya kibanda muuza dawa za kupe alikuwa ameegesha pikipiki yake yenye spika. Alimaliza kusifu dawa, akabonyeza simu yake, na spika ikalia.

"Nikisema Onyango, mnasema rudi!"

Vijana wa minadani waliitikia bila kuinua macho. Walikuwa wameshaijua. Mmoja aliyeshika kamba ya fahali alicheza kidogo, akijitia kuyumba kama mlevi, na wenzake wakamcheka. Risper aliacha kukanda unga. Alimtazama mama yake.

Filister alikuwa akimimina chai. Haikumwagika hata tone.

"Hii wimbo iko kila mahali," Mniko alisema, akicheka kwa moyo safi, kwani yeye hakuwa Mjaluo na alikuwa hajawahi kusimuliwa habari za kile kilima nyuma ya nyumba. "Mpaka kwetu Ntimaru watoto wanaimba. Ati Onyango mlevi amekataa kurudi nyumbani. Mama, hii ni jina ya kwenu. Huyu Onyango ni nani? Ni mtu wa huku kwenu?"

Filister alijaza kikombe mpaka ukingoni, kama alivyomjazia siku zote, akakiweka mbele yake, akageuza mkono wa kikombe uelekee upande wake.

"Simjui," alisema, akamuuliza kama sukari inamtosha.